Kikohozi cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hukohoa anapopita. Si ugonjwa, ni adabu. Kwetu Makwale mke wa mtoto hatakiwi kumwona baba wa mumewe, wala kuonekana naye, wala kutaja jina lake, kwa hiyo mzee mwenye heshima akikaribia hukohoa ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Wakristo wengine walikuwa wameanza kulegeza. Nyumbani kwa Ipyana, mume wangu, hawakulegeza. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa mtu wa kuruka. Nikitwanga, sikio liko njiani. Nikila, sikio liko njiani. Kikohozi kikisikika naacha mchi na kukimbilia migombani.

Mwaka huo alikuja Mzungu, Bwana Pelham, akapanga nyumba kando ya njia ya mashambani. Watu walimwita Bwana Kuku. Walisema nchi yao imeishiwa kazi, ndiyo maana amevuka bahari kuja kuwafundisha kuku kula. Mwenyewe alisema anachunguza jinsi kiumbe anavyojifunza. Kuku alikaa kwenye baraza la nyumba hiyo, ndani ya sanduku la mbao lenye kibao chekundu. Akikidonoa kile kibao, mimi huku nje navuta kamba, na chenga za mchele zinaanguka kwenye kisahani cha bati. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Bwana alinieleza polepole kwamba kitendo kinacholeta chakula hurudiwa, na kisicholeta kitu hufifia mpaka kinakufa. Alinichukua mimi kwa sababu sikuwa msemaji, na kuku wake hawakutaka kelele.

Baba mkwe alipita nyuma ya baraza hilo kwenda kwenye mpunga wake. Alipokohoa nilijikunja chini nyuma ya sanduku, kamba ikiwa bado mkononi, nikatulia mpaka nyayo ziishe. Kila nilipojikunja kamba ilivutika na chenga zikamwagika. Mimi nilikuwa nasikiliza nyayo. Kuku walikuwa wanasikiliza kikohozi.

Hilo sikulijua mpaka Bwana alipomaliza na kuku wale akanipa wawe wangu. Nilirudi nao nyumbani kwenye tenga, nimefurahi, maana walikuwa mitetea wazuri. Kesho yake asubuhi baba mkwe alitoka nyumbani mwake, akakohoa. Nikakimbilia migombani. Kuku wangu wakakimbilia kwake. Walimzunguka miguuni, shingo juu, wakamfuata hadi mtoni, na alipokohoa tena kwa aibu wakazidi kumparamia.

Jirani yetu Anyosisye alicheka mpaka akakaa chini. “Mke wa Ipyana,” aliniambia, “umechoka kujificha, sasa unatuma wajumbe?”

Mama mkwe, Mama Marita, hakucheka. Kwake yeye kuku wa mkamwana ni mkamwana mwenyewe. Kama wanamfuata mzee, basi ni mimi ninayemfuata, na nyumba imepata aibu. Aliniita mbele ya Ipyana akasema kwamba kuku wale wasipoacha kabla ya Jumapili ya mavuno, nitarudi kwa baba yangu, kijijini Ngana, na sitapokelewa tena mpaka baba alete ng'ombe wa kuondoa aibu. Baba hakuwa na ng'ombe. Aliyekuwa naye alifia kwenye tope la masika. Nilimtazama Ipyana, naye akatazama mikono yake. Usiku alisema tuwachinje tu, yaishe. Lakini asubuhi neno lilikuja kutoka kwa mzee: kuku anayetaga hachinjwi. Nikaona kweli amekasirika, anataka ushahidi ubaki hai.

Nilikwenda kwa Bwana Pelham. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika niliyasahau, nikakohoa tu kama anavyokohoa baba mkwe, nikajikunja, nikamwonyesha mkono unavyovuta. Akavuta kiti akakaa karibu, kama mtu aliyepewa habari nzuri. Hakunicheka. Alisema dawa ni moja: kikohozi kisikike, chakula kisionekane. Mwanzoni watazidi kusumbua, wataruka na kupiga kelele, kwa sababu wanatafuta malipo waliyoyazoea. Nisikate tamaa. Baadaye watapoa.

“Lakini asiwepo mtu wa kuwapa hata punje,” alisema. “Wakipata leo, kesho wakakosa, kesho kutwa wakapata tena, hao watakoholewa mpaka wazeeke na bado watakuja.”

Nikalinda. Mpunga wa kuanika niliufunika, na mchele niliutwangia ndani. Na kweli kuku walizidi, kama alivyosema. Walimrukia mzee magotini. Watoto wa njiani walikohoa makusudi ili wawaone wakikimbia. Mama Marita alihesabu Jumapili kwa sauti. Mimi sikulala vizuri, sikula vizuri, na kila kikohozi kilinipiga mara mbili, mara moja kwa kujificha na mara ya pili kwa kusikiliza miguu ya kuku.

Halafu watoto walichoka, na kuku wakaacha kuwajali. Hata Ipyana alipokohoa hawakuinua shingo. Lakini mzee akikohoa, wanatimka. Wiki ya mavuno ilifika, nikaanza kukunja nguo zangu.

Alhamisi nilikuwa migombani nimejificha, mzee akiwa amekaa upande wa pili wa nyumba. Nikasikia kikohozi. Hakikuwa cha kupita. Kilikuwa kifupi, cha chini, kama mtu anayebisha hodi na hataki majirani wasikie. Kuku wakakimbia. Kisha nikasikia sauti ambayo hapa Makwale hakuna aliyeijua vizuri kuliko mimi: punje zikianguka juu ya kitu kigumu, kidogo, halafu kidogo tena.

Nilikaa pale nikipima. Nikimsema, wataniuliza nimeona wapi. Nisipomsema, Jumapili natembea kwenda Ngana. Mwishowe nilipita nyuma ya migomba mpaka jikoni kwa Mama Marita, nikapiga magoti.

“Mama,” nilisema, “sikutazama. Nimesikia tu. Kuna mtu anawalisha kuku.”

“Nani?”

“Jina lake siwezi kulitaja.”

Mama Marita alibaki na mwiko mkononi. Nyumbani pale mtu ambaye siwezi kumtaja ni mmoja. Aliondoka bila kuvaa kandambili, akazunguka nyumba. Nilisikia kuku wakitawanyika. Kisha nikasikia mfuko wa koti ukikung'utwa na mpunga ukimwagika chini, na sauti ya mama mkwe, kavu.

“Kumbe mkamwana hakufuati. Ni wewe unayewaita watu wake.”

Mzee akasema kwa sauti kubwa, ili ivuke ukuta inifikie bila kuniambia mimi:

“Mwambie huyo mtoto, tangu nizeeke hakuna anayenikimbilia. Wote wananikimbia.”

Mama Marita alirudi jikoni, akakaa, akakoroga ugali ulioanza kuungua. Hakuongea habari ya Ngana. Baada ya kula alinipa ile nguo yangu iliyokuwa juu kabisa ya zile nilizokunja, akaniambia niivae kanisani.

Kuku niliwaacha wawe wa mzee. Naye, ili wasichanganyikiwe, kikohozi amewaachia wao. Mimi sasa ananipigia kopo la bati kwa fimbo anapopita, na nimelizoea, nalisikia tangu mtoni. Lakini Jumapili ile ya mavuno mhubiri Lazaro alisafisha koo kabla ya kusoma, watu wote wakiwa wamesimama, nami nikajikuta chini ya benchi, kiganja kimefumbwa, navuta kamba ambayo haipo. Ipyana alinishika kiwiko. Sikuinuka mpaka niliposikia wamekaa wote.