Boma Halikumzaa

Akida Yunusi, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kusimamia vijiji vya milimani, alipanda Mgeta kutafuta wavulana wa shule ya serikali mjini Morogoro. Aliwauliza akina baba, nyumba kwa nyumba. Fransisko alikubali mara moja kumtoa mwanawe Lukasi, tena kwa kicheko. Yunusi akateremka ameridhika.

Siku ya kukusanyika hakufika mtoto hata mmoja. Fransisko, aliyekubali upesi kuliko wote, akakamatwa na kufungiwa bomani, makao ya serikali mjini.

“Uliniuliza kama nakubali, nikakubali,” alimwambia akida. “Hukuniuliza kama mtoto ni wangu.”

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno ni la mjomba. Ikabidi aitwe Pazi, kaka wa Regina, mke wa Fransisko. Pazi alitaka kujua jambo moja tu: Lukasi anasomeshwa ili awe nani? Yunusi alimjibu kwamba atakuwa karani, atapelekwa popote serikali itakapomhitaji. Pazi akasema kijana huyo ndiye atakayerithi nafasi yake na kugawa mashamba ya ukoo. Asome, lakini kila msimu wa kupanda arudi, maana ardhi haijulikani kwa kusimuliwa. Yunusi akasema kazi ya shule imeshapangwa bomani.

“Boma lilimzaa lini?” aliuliza Regina, aliyekuja na kaka yake.

“Mama Lukasi, mumeo yuko ndani, wewe unauliza habari za uzazi,” akasema akida.

Pazi hakulegea. Shemeji ni mtu wa ukoo mwingine, alisema, akae huko mpaka wamchoke. Regina hakuweza kusema hivyo. Kesho yake alimshusha Lukasi mwenyewe, akamkabidhi shuleni, akarudi na mumewe. Kaka yake akaacha kupita kwake.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Regina aliingia darasani na majembe mawili. Mwalimu akauliza ni nani aliyemruhusu. Regina alimpa Lukasi jembe moja, wakaondoka. Wiki hiyo akina mama wengine nao waliteremka, mabenchi yakabaki matupu. Askari waliotumwa Mgeta walikuta kila mtu shambani, na Pazi akimwonyesha Lukasi mipaka. Kuwakamata wote kungelikosesha boma mahindi. Wakarudi mikono mitupu.

Mwaka uliofuata shule ilifungwa miezi ya kupanda. Tangazo lilisema huo ni uamuzi wa boma. Lukasi ndiye aliyemsomea mama yake. Regina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ashike jembe.