Hema Kisiwani Kwazi

Mmanga wa Msuka hakuitaka safari ile, lakini hakubaki nahodha mwingine aliyeujua mlango wa mwamba wa Kisiwa cha Kwazi. Serikali ilikuwa imekipiga marufuku mwaka wa tatu huo: hakuna kuvua, hakuna kupiga dago, kambi ya wavuvi, hakuna kugusa yai la kasa wala la ndege. Asubuhi moja ya mwaka 1959 sheha wa kijiji alimwita akamwambia, "Umpeleke Mzungu wa ndege. Hiyo amri, si ombi."

Wakaondoka watu watatu: Mmanga kwenye usukani, Mzungu na darubini yake, na Ngwali, mlinzi wa serikali kutoka Unguja, kaki zimepigwa pasi zikasimama.

"Sikiliza, we Mpemba," Ngwali alisema. "Ukiokota hata ganda moja la simbi kule, nakufunga."

"Nifunge sasa hivi," Mmanga akajibu, "kisha mashua uipitishe weye."

Mlangoni mawimbi yalikuwa yakipasuka kulia na kushoto, na miamba imewakaribia hata ungeweza kuigusa kwa kasia.

Walipotia mguu mchangani, ndege waliruka kwa maelfu wakipiga kelele. Walishuka vichwani mwao kama mawe. Mmoja alimdonoa Ngwali sikio likatoka damu. Kaa wa minazi, wakubwa kama masufuria, walikwishalirarua pakacha la tende kabla halijafika kivulini. Mzungu alicheka akaandika. Mmanga alitazama nyayo za kasa zilizojaa ufuko mzima. Zama wavuvi wa Msuka walipokuwa wakipiga dago hapo, nyayo hazikuwa nyingi vile. Jambo hilo lilimkera kuliko matusi ya Ngwali: kisiwa kilikuwa kimenawiri bila ya wao.

Alikwenda kufunga mashua. Aliporudi chini ya mivinje, alimkuta Ngwali anagongomea kigingi cha hema baina ya mawe mawili. Jiwe moja limeshalala ubavu.

"Toa!" Mmanga alipaza sauti. "Hilo kaburi. Kalala ndugu yangu Duni hapo, alichomwa na mwiba wa samaki taa, na bahari ikatuzuia siku tatu tusimrudishe kwao. Nilimzika mie kwa mikono hii."

"Kwenye karatasi za serikali hapana kaburi hapa."

Mzungu aliuliza kuna nini. Ngwali alimjibu Kizungu, na Mzungu akatazama jua, akajigusa kofia, akatikisa kichwa kwa tabasamu. Mmanga akafahamu kuwa maneno yake hayakufikishwa; Mzungu kaambiwa habari za jua kali tu.

Aligeuka, akaingia mashuani, akakata kamba kwa kisu, akajisukuma mpaka katikati ya maji. Pipa la maji ya kunywa lilikuwa bado chomboni.

"Rudi, mwizi wee!" Ngwali alikimbia mpaka maji yakamfika kiunoni.

"Mwambie kweli Mzungu wako! Hema likiondoka, narudi. Lisipoondoka, kunyweni bahari!"

Jua lilipanda. Mmanga alikaa tu, mgongo kawapa. Mwisho alisikia Ngwali akieleza Kizungu, kisha Mzungu akifoka, na alipogeuka alimwona Ngwali anang'oa vigingi kimoja kimoja, ndege wakimpiga kichwani.

Alirudi. Aliliinua jiwe la kichwani, akalishindilia mchanga, akamsomea Duni Fatiha. Hakuna aliyemtaka radhi, naye hakungoja. Siku mbili alikula peke yake upande wa pili wa kisiwa, kisha akawarudisha Msuka.

Ngwali alimshitaki kwa kuwatelekeza watu wa serikali, na Mmanga akafungwa mwezi mmoja. Alipotoka, mkewe Kazija hajamaliza hata kumpakulia muhogo, sheha alibisha hodi. Wazungu wengine walikuwa wamefika, wanataka kwenda Kwazi.

"Amri hiyo, Mmanga."

"Basi nifungeni tena," Mmanga alisema, akavuta sahani.

Sheha aliingiza mguu mmoja ndani. Kazija akamwambia, "Sheha, mwache mtu ale."