Hedfoni za Kaka Lusungu

Fundi mageti wa nyumba ya pili alipozima mashine yake ya kukatia vyuma, nilimwashiria kaka Lusungu asiongee, nikabonyeza kitufe. Sauti ilianzia chini kabisa, kama lori linalopanda kilima cha Madale na mzigo wa kokoto. Ikapanda taratibu, ikawa filimbi, ikawa mbu, ikapotea. Kwenye kompyuta mstari ulijichora wenyewe, na mimi niliutazama huku nikiomba nione kasoro.

Haikuwapo.

Wakati ule nilikuwa napima spika na hedfoni za wenye studio. Nilikuwa na kichwa cha mbao chenye masikio ya mpira, na ndani ya kila sikio maiki ndogo. Siku hiyo kichwa kilivaa hedfoni za kaka, kitu alichokipenda kuliko gari lake. Ni zile zilizo wazi kwa nyuma: hazikuzibwa, zina wavu tu, ili sauti ipumue. Ndani yake, badala ya spika ya kawaida, umetandazwa utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu katikati ya safu za sumaku. Kwa kuwa ziko wazi, kelele yoyote ya nje huingia kwenye kipimo, ndiyo maana tulikuwa tunamvizia fundi mageti anyamaze.

“Umeona sauti ilipokufa?” kaka aliuliza.

“Ngoja nizikalishe upya.”

Nikazivua kichwani, nikazivalisha tena, kwa sababu zikikaa vibaya kidogo tu kipimo hudanganya. Nikapima. Nikazigeuza kulia kushoto, nikapima tena. Kisha nikafungua kipimo nilichozifanyia zikiwa mpya, nikakilaza juu ya hiki. Mistari miwili ikawa mmoja.

Lusungu ndiye aliyenitoa Tukuyu baada ya mazishi ya mama, akanilea kwenye chumba kilichoungana na studio yake Mwananyamala. Alirekodi kwaya. Nikitoka shule alikuwa ananikalisha kando yake na kuniambia, “Atu, sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya neno.” Nilikuwa sisikii kitu. Yeye hakuchoka kurudisha nyuma, mpaka siku moja nikaisikia ile pumzi, nikaruka kwenye kiti, naye akacheka mpaka akafuta machozi.

Sasa mzee Eliaichi, mwalimu wa kwaya aliyefanya naye kazi tangu zamani, alikuwa amemrudishia nyimbo. “Zinachoma masikio, Lusungu. Kayamba zimekuwa misumari.” Hakuwa wa kwanza kulalamika. Kaka aliamua kwamba hedfoni zimeanza kumeza sauti nyembamba, naye amekuwa akiziongeza bila kujua. Alikuja kwangu na imani yote kwamba nitakuta utando umechanika. Utando huagizwa, hubadilishwa, maisha yanaendelea.

“Kaka,” nilisema, “ni nzima.”

“Haiwezekani. Pima tena.”

“Nimeshapima tena.”

Akanyoosha mkono, akazitoa kwenye kichwa cha mbao na kuzivaa mwenyewe. Akafumba macho, kama alivyofanya siku zote anapoanza kazi.

“Haya, iwashe.”

Nikaiwasha. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na kwa sababu ya ule uwazi wa nyuma nami niliisikia yote. Lori likapanda, na kaka akatikisa kichwa kukubali. Filimbi ikaja. Ikapita. Yule mbu akaanza kuimba hewani kati yetu, mwembamba, wazi kabisa. Kaka alikuwa bado amefumba macho, uso umetulia, anasubiri.

“Mbona umezima?” akauliza.

Mbu alikuwa bado anaimba.

Kaka alifumbua macho, akaniangalia, akaangalia kompyuta, ambako sauti ilikuwa inaendelea kupanda. Akazivua polepole, akazilaza mapajani, wavu ukitazama juu. Fundi mageti akawasha mashine yake, nasi tukaiacha ipige kelele.

Nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Alitueleza kwa upole kwamba mishipa ya kusikia imechakaa na hairudi. Kifaa cha sikioni kitamsaidia kwenye mazungumzo. Kwa muziki tusitarajie mengi. Njia nzima ya kurudi nilitafuta kitu cha kufanya. Mtu nimesoma, nina vifaa, na sikuwa na hata kidonge cha kumpa.

Nyimbo za mzee Eliaichi nilizimaliza mimi. Kaka alikuja siku ya mwisho, akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono kati ya magoti. Nilipoondoa kidole kwenye kitufe akanisogezea lile sikio lake lenye nafuu kidogo.

“Imekuwaje?”

“Nzuri, kaka.”

“Nzuri vipi?”

Vipimo nilikuwa navyo vyote, maneno sikuwa nayo.

“Sauti ya kwanza imekaa mbele kidogo,” nilisema mwishowe. “Akina mama wanaingia kama mtu anayefungua dirisha. Kayamba ziko nyuma, hazichomi.”

Alitikisa kichwa polepole, macho yakiwa midomoni mwangu.

“Endelea,” akasema.