Mkanda Ulipokatika

Kuuliza si ujinga, na mimi tangu mimba iingie mwezi wa nne ndiyo nimezidi kuuliza. Kichefuchefu kiliondoka bila kuaga, njaa ikaingia. Mstari mweusi ukashuka kutoka kitovuni, fizi zikaanza kutoa damu nikipiga mswaki. Yote nilimuuliza nesi, yote akasema ni kawaida. Kisha akauliza yeye: "Mtoto ameanza kucheza?"

Mimi na mume wangu Nestory tuna mashine ya kusaga hapa Mollo. Kutwa nakinga unga, sakafu inatetemeka, viroba vinatetemeka, na mimi natetemeka. Hata nikilala, mwili bado unanguruma. Nitajuaje kipi ni mtoto na kipi ni mashine? Nesi akaandika kwenye kadi: wiki ya ishirini. "Rudi baada ya wiki mbili. Kama bado, utaenda kupigwa picha tumwangalie."

Wiki hizo mbili hakuna mteja aliyeniponyoka bila kuulizwa mtoto akicheza huwaje. Minza, mfugaji aliyepanda huku kutoka bondeni Mtowisa, alisema ni kama ndama anavyokusukuma kwa pua. Mama mmoja wa Kabwe, kule ziwani, akasema ni kama dagaa wakirukaruka kwenye ndoo. "Gesi tu hiyo, mwanangu," akasema mama Bertilla, aliyezaa saba. Nilicheka nao, lakini nilikuwa naogopa. Je, kama amenyamaza kabisa?

Siku moja kabla ya kliniki, foleni imefika nje, mkanda wa mashine ukakatika. Nestory, ambaye mashine ikisimama dakika moja huona dunia imesimama, akatoka mbio kutafuta mwingine. Wateja wakaanza kunung'unika. Mimi nikakaa juu ya gunia la ulezi. Masikio yakazibuka taratibu, nikasikia kuku, nikasikia upepo kwenye bati.

Halafu chini ya kitovu kitu kikaruka, mara moja. Hakikufanana na ndama wala dagaa. Kilikuwa kama punje moja ya hindi inavyoruka na kugonga sinia. Nikabana pumzi. Kikaruka tena.

Nestory akarudi na jasho lake, akafunga mkanda mpya, akapeleka mkono kwenye swichi.

"Usiwashe!"

"Na foleni yote hii, Jenifa?"

Nikauchukua ule mkono wenye grisi nikauweka tumboni. Akasubiri. Akausogeza chini kidogo, akasubiri tena. Watu wote walikuwa wanatutazama.

"Mimi sisikii kitu," akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi nimemsikia. Mara mbili."

Akanitazama usoni, akaona ninalia. Kisha akageuka, akaufungua mkanda aliotoka kuufunga, akautundika kwenye msumari.

"Mashine mbovu," akawaambia wateja. "Rudini saa kumi."