Vidonge Vichungu vya Gloriose

Agosti 2001 klorokwini iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Uamuzi ulikuwa sahihi. Mwezi Oktoba Gloriose, mkimbizi kutoka Burundi aliyeanika dagaa mchangani Kibirizi, aliingia katika zahanati yetu ya Gungu akakataa dawa mpya.

"Oya, sitaki, daktari. Nipe vile vichungu."

"Haviui malaria tena." Mimi ni tabibu, si daktari, lakini nilishachoka kumsahihisha.

"Basi mimi sina malaria."

Telesphory, mgawa dawa, akacheka. "Dada, siku hizi mgonjwa ndiye anayejiandikia cheti?"

"Wewe hesabu vidonge, kaka."

Gloriose akamwaga mezani vyeti vyake vya miaka mitatu. Homa, viungo kuuma: malaria. Mara kumi na tisa. Damu ilikuwa imepimwa mara nne tu, na mara zote vimelea havikuonekana. Mwandiko ulikuwa wangu. Kwetu kila homa iliitwa malaria, na foleni ilisonga.

"Nikimeza vichungu, vidole vinakunjuka. Tangu mbadilishe, siinuki. Majirani wanasema nimelogwa. Wengine, ukimwi. Nimepima, sina. Sasa sema wewe."

Nikamtazama vizuri. Vipele vilitanda shavu hadi shavu, vikivuka pua. Nilipobonyeza miguu, shimo la kidole lilibaki. Tulipochemsha mkojo wake, uliganda kama ute wa yai: protini. Figo zilikuwa zinaharibika.

Nikampa rufaa ya hospitali ya mkoa. Wiki ya tano alirudi na barua: lupasi. Kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Chanzo hakijulikani chote. Kuna sehemu ya kurithi, na jua huichochea. Haiambukizi. Haiponi, ila hutulizwa: prednisoloni kwa ajili ya figo, pamoja na klorokwini.

"Vichungu," alisema Gloriose, akimtazama Telesphory.

"Acha kazi ya juani," nilimwambia.

"Nile nini, barua? Nitaanika alfajiri, nitaanua jioni. Mchana wifi yangu atageuza. Na mkojo upimwe kila mwezi. Andika."

Niliandika. Akasukuma vile vyeti mbele yangu.

"Na hivi, sahihisha."

"Vya zamani vina faida gani?"

"Atakuja tabibu mwingine. Atavisoma hivi, si uso wangu."

Nilipiga mstari juu ya neno malaria mara kumi na tisa, nikitia sahihi na tarehe kwenye kila cheti. Hakuondoka hadi alipovihesabu.