Mtihani wa Bwana Vandermolen

Jumanne saa nne asubuhi, Verna Kuusisto alikuwa akipanga matunda makavu ya msonobari, yenye kuchoma, juu ya viti vya nyumba ya Vandermolen, ambayo sasa ni makumbusho anamotembeza wageni, ili wageni wasivikalie. Akamkuta Bwana Cornelius Vandermolen mwenyewe, mfanyabiashara wa mbao aliyezikwa miaka tisini iliyopita, amesimama kando ya kiti cha mezani, akingoja. Verna akaondoa tunda. Kiti kilikuwa cha mzee.

Wageni sita walipoingia, akawapa maelezo kama kamati ya nyumba ilivyoyaandika. Alipofika kwenye moto wa kiwanda cha mbao cha Vandermolen, akasema watu kumi na mmoja walikufa kwa ajali. Mmoja wao alikuwa Eino, babu yake mzaa baba, ila hilo halikuandikwa.

"Haikuwa ajali," mzee akasema kutoka kitini. "Wafanyakazi walizoea kutoka kabla ya king'ora cha kumaliza kazi. Nikafunga mlango kwa nje. Moto ulipowaka ufunguo ninao mfukoni, nami nipo hapa nakula."

Mgeni mmoja akauliza choo kiko wapi.

Kesho yake Verna alikwenda kwa Lorna Pruitt, mwenyekiti wa kamati, kuomba neno "ajali" liondolewe kwenye maelezo na kwenye bamba la shaba ukutani, maana mwenye kosa amekiri. Baba yake Verna aliliomba hilo hadi anaingia kaburini.

"Amekiri, sawa, Verna mwenzangu," Lorna akasema. "Lakini beji ya mwelezaji anayo? Humu asiye na beji hasemi na wageni."

"Si nyumba yake?"

"Ilikuwa. Akitaka kusema, afanye mtihani kama wenziwe."

Mzee akakubali. Mtihani wenyewe ni kuyasema maelezo yote kwa moyo, neno kwa neno. Akaketi mbele ya kamati, kofia mapajani, akaeleza dari, piano na sakafu ya mwaloni bila kosa. Alipofika kwenye moto akasema, "Nilifunga mlango." Lorna akatia alama ya kosa, akamwambia arudie. Akarudia vilevile.

Siku hizi hujaribu tena kila theluji ya Michigan inapoyeyuka. Kamati humpa kahawa na biskuti, kisha humwangusha kwa adabu. Bamba liko palepale. Jumapili kanisani Verna humwombea mzee, baada ya kumtaja Eino. Jumanne huwaeleza wageni habari za ajali.

Mtihani huo, Verna mwenyewe aliufaulu mara ya kwanza.