Swali la Paa la Soko

Soko zima hakuna mwenye ulimi mkali kama wangu, ingawa mbele ya wakubwa huwa unalala. Wenzangu walinituma kwa meya nikamuulize pesa za paa la soko zimekwenda wapi. Meya akanikalisha kwenye kiti laini, akaniita mama, akanimiminia chai mwenyewe. Nikamsifia mapazia, nikaaga na swali langu tumboni.

Nje, wenzangu walikuwa wamelowa mvua ileile inayoozesha nyanya zetu. Nafsi ikanisuta, nikatazama chini.

"Haya bibi, umemuuliza?" akasema muuza vitunguu.

"Nimembana mpaka katokwa jasho!"

Wakapiga vigelegele. Mara meya akatokea nyuma yangu na mkongojo wangu mkononi.

"Mama, umesahau fimbo yako. Halafu hukuniambia ulikuja na shida gani."